Mama Alikula Almasi ya Umma

Mwaka 1975, pale Mwanjelwa, Mbeya, mama yangu mzazi alilindwa chooni na mgambo mwenye rungu.

Kosa lake: amekula almasi.

Wakuu, sitanii. Tena nilikuwepo kwenye tukio, ila sikuona kitu, maana nilikuwa bado tumboni mwake. Na tukisema ukweli, aliyeutaka ule udongo wenye hiyo almasi ni mimi. Mama alikuwa anatumwa tu.

Haya nimeyapata kwake na kwa marehemu baba. Walikuwa wakisimulia huku wanasahihishana, kwa hiyo robo tatu yake naiamini kabisa.

Mama anaitwa Tusekile. Mnyakyusa wa Tukuyu, kiumbo mdogo, ila mdomo wake ukifunguka, funga mlango ukalale.

Baba, Saulo, alikuwa dereva wa kikosi cha watafiti wa madini. Mtu mpole mpaka anaudhi. Hata honi alikuwa anaipiga kama anaomba radhi.

Bosi wake alikuwa Bwana Kashindye, Msukuma wa Shinyanga, aliyekwenda Ulaya kusomea miamba akarudi na koti moja na wasiwasi mwingi. Kwao ndiko almasi zinakochimbwa, basi kila aliyekutana naye huku kusini alimuuliza, "Na wewe yako iko wapi?" Nadhani hilo ndilo lililomchoma. Akaapa kupata ya kwake.

Huyo bwana akianza kueleza mawe, ugali unapoa.

"Saulo," alikuwa akimwambia baba wakiwa safarini, "almasi na mkaa ni ndugu. Wote ni kaboni."

"Mkaa huu wa kupikia, bosi?"

"Huo huo. Tofauti ni malezi. Almasi imelelewa chini kabisa, kwenye joto na kubanwa kusikosemeka. Halafu siku moja ardhi inacheua. Mwamba ulioyeyuka unapanda na gesi, kama togwa iliyochacha ndani ya chupa uliyoiziba. Unapasua njia, unaibeba almasi mpaka juu."

"Sawa bosi," baba anajibu, anakata kona.

Masika ya mwaka huo wakachimba shimo kwenye vilima vya upande wa Iringa. Huko chini wakakuta udongo wa kijivu unaoelekea bluu, mwororo kama uji wa mgonjwa. Kashindye akapiga magoti. Ule ndio mwamba wa kilindini aliokuwa akiutafuta, umeoza ukawa udongo. Na alipousogezea kioo chake cha kukuzia, akaona punje inang'aa kama jicho la paka.

Baba akanyoosha kidole aichomoe. Akapigwa kofi la mkononi.

"Jiwe na udongo wake ni mtu na ukoo wake," Kashindye akasema. "Ukilitoa peke yake hatutajua limetokea wapi. Vyote viende maabara pamoja."

Udongo ukatiwa kwenye kifuko cha kitambaa, ukafungwa. Baba akashuka nao Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, akaikamata barabara kuu mpaka Mbeya. Stoo ya kikosi ilikuwa inavuja, kwa hiyo kifuko kikawekwa nyumbani kwetu, juu ya kabati, kisubiri gari la kukipeleka maabara.

Sasa njoo kwa mama.

Mimba yangu ilimletea hamu ya udongo, ile inayowashika wanawake wengi. Siku zote alikuwa ananunua vipande sokoni. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa hazikatiki, muuzaji akakosa jua la kukaushia, biashara ikalala. Mama alikuwa amebaki kunusa kuta.

Na pale juu ya kabati kukawa kunatoka harufu ya mvua ya kwanza.

"Nilitaka kuonja tu," huwa anasema.

Hata walevi walianza hivyo hivyo.

Alichukua kidogo kwa ncha ya kidole. Udongo ukamshika ulimi, ukateleza, ukaingia mwenyewe. Akachukua tena. Akajisemea wa mwisho. Mimi nikampiga teke kule ndani, akaona kwamba nimependa.

Alipopata akili, kifuko kilikuwa kimelegea kama soksi ya mzee.

Akakimbilia jikoni. Akajazia majivu, akafunga, akarudisha kabatini, akaanza kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Kashindye alikuja mwenyewe kukichukua. Akataka kuuangalia mzigo wake mara ya mwisho, akakifungua mezani. Vumbi la majivu likampanda usoni. Akachovya kidole, akakoroga.

"Saulo."

"Bosi."

"Humu ndani kuna harage."

Baba akachungulia. "Yako mawili, bosi."

Hapo ndipo kilipoumana.

Enzi zile almasi haikuwa kitu cha kukutwa nacho nyumbani. Ni mali ya umma, na gereza lilikuwa halina foleni. Kashindye akawa anamuuliza baba amemuuzia nani. Baba alipigwa na bumbuwazi, sauti haitoki, na mtu asiyejibu anaonekana mwizi zaidi ya mwizi.

Akaitwa mgambo wa mtaa, Jailos. Jailos na baba walikuwa wanaimba besi pamoja kwenye kwaya ya kanisani. Alimfunga kamba kwa kulegeza, akamuuliza kama inaumiza.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Akisema, ni aibu ya mji mzima. Akinyamaza, mume anaenda gerezani na mimi nazaliwa baba hayupo.

Akatoka.

"Mwacheni. Udongo nimeula mimi."



"Wote?" Jailos akauliza.

"Nilibakiza kidogo. Kwa adabu."

Baba ndipo alipopata sauti. "Tuse, na maharage?"

"Hayo yalikuwa kwenye majivu. Sikuyaona."

Kashindye akavuta kigoda, akakaa taratibu kama mgonjwa. "Shemeji, ulipokuwa unatafuna, hukusikia kitu kigumu?"

"Nilisikia vigumu vingi. Udongo wenu una mchanga."

Basi msomi akapiga hesabu zake. Almasi haisagiki tumboni wala haiyeyuki. Iliingia mbele, itatokea nyuma. Baba akafunguliwa kamba lakini akaambiwa bado ni mshtakiwa, asitoke nje ya uwanja. Mama akaambiwa haendi chooni bila mlinzi, na choo chenyewe si kile cha shimo. Likaletwa karai.

Jailos akakabidhiwa chekeche la kuchujia mchanga wa madini.

Akaligeuza juu chini. "Bwana Kashindye, mimi nilijiunga na mgambo kulinda mipaka ya nchi."

"Huu nao ni mpaka."

Habari hazikai ndani Mwanjelwa. Hata salamu zikabadilika. Majirani wakipita uani wanauliza, "Mmeamkaje, imetoka?" Bibi Sekela, mama yake baba, akateremka kutoka kijijini na kikapu cha mapapai, akamlisha mama moja baada ya jingine, kisha akamgeukia mtaalamu.

"Hiyo almasi ikitoka ni ya ukoo. Imepita kwa mkwe wangu."

"Mama, almasi ni mali ya umma."

"Na tumbo je, nalo ni la umma?"

Kashindye akajifanya anasafisha kioo chake.

Mama anacheka sana akisimulia haya, ila hapa huwa anashusha sauti. Aliacha kwenda sokoni. Aliacha kwenda kanisani. Usiku alimwambia baba, "Nikijifungulia hapa, watampekua na mtoto."

Baba akasogea karibu. Alishika tu mkono wake, na mama anasema mkono ule ulikuwa wa baridi kuliko wa kwake.

Papai likapita, uji wa ulezi ukapita, almasi haikupita. Kashindye alikuwa hatoki kwenye kigoda chake nje ya choo. Kwanza akaanza kukataa papai. Kisha akakataa uji. Wakaona shavu lake moja linaumuka, kama mtu aliyeficha chungwa. Bibi Sekela akamshauri akasukutue na maji ya chumvi, akatikisa kichwa, eti akiondoka tu ndipo itakapotoka. Mwisho akawa hawezi hata kufunga mdomo. Machozi yanamtoka yenyewe.

Ikabidi apelekwe hospitali. Na anayejua kuendesha Landrova ni mmoja tu: mshtakiwa.

Baba akashika usukani. Jailos akapanda nyuma kumlinda mfungwa anayewaendesha. Mama naye akapakiwa, maana hakuna wa kubaki naye. Kashindye kakaa mbele, taulo shavuni, anaugulia kila shimo la barabara. Baba anaapa kwamba hakuyatafuta yale mashimo kwa makusudi. Mama anasema aliyatafuta.

Mganga wa meno akamfungua mdomo, akamulika tochi.

"Gego limetoboka zamani hili. Ila kuna kitu kimejipigilia ndani. Mzee, ulitafuna nini kigumu?"

Kashindye akatikisa kichwa. Hakuna.

"Udongo," baba akasema kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Mama anasema ndiyo mara ya kwanza alimsikia baba akimpinga bosi wake.

"Kule shimoni. Alichukua kipande cha udongo wa kifuko kile kile akakitafuna, kabla hajakifunga."

Ilikuwa kweli. Kumbe watu wa miamba ndivyo walivyo. Wakitaka kujua kama ni udongo au mchanga, wanauma kidogo kwa meno. Ukikwaruza ni mchanga, ukiteleza kama siagi ni udongo. Kashindye alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, hakuhesabu kwamba ni kula.

Mganga akashika koleo. Baba akashika miguu, Jailos akashika kichwa.

Jino likang'oka. Likatupwa kwenye bakuli la bati, na kutoka kwenye tundu lake ikadondoka punje inayong'aa.

Ting.

Mganga akaisogezea tochi. "Wengine hapa wanakuja na mabaki ya nyama."

Jailos akaitazama punje, akamtazama Kashindye, akatazama kamba yake. Alikuwa hajui amfunge nani.

Punje ikaenda maabara, safari hii ndani ya chupa yenye kizibo, baada ya kuoshwa. Majibu yalipokuja, Kashindye alikuja nayo nyumbani kwetu amevaa lile koti. Majirani nao wakajaa uani, si unajua tena.

Haikuwa almasi. Ni jiwe linaitwa zirkoni, nalo hupatikana kwenye ile miamba ya kilindini. Mwenzetu alikuwa anatabasamu mpaka pengo linaonekana. Akasema jiwe lile lilikuwepo kabla Mlima Rungwe haujafikiriwa, kwamba ndani yake kuna kitu kama saa, wataalamu wanaweza kusoma umri wa mwamba uliolileta.

"Na bei?" Bibi Sekela akauliza.

"Bei hakuna, mama."

Bibi akachukua kikapu chake, akaenda zake.

Kashindye akasimama katikati ya uwanja. "Saulo, nilikuita mwizi mbele ya watu. Shemeji, nilikuaibisha mbele ya watu. Na mbele ya watu hawa hawa nasema, jiwe lilikuwa mdomoni mwangu. Naombeni radhi."

Baba alitaka kusema yamekwisha. Mama akamzuia kwa macho.

"Wewe ndiye msomi wa udongo," akamwambia Kashindye. "Huu tunaokula sisi wajawazito, unafanya nini tumboni?"

"Si mzuri, shemeji. Unashika madini ya chuma ya chakula, unatoka nayo. Damu inapungua. Na mara nyingi damu ikipungua ndipo hamu ya udongo inazidi."

"Ulijua hayo ulipokuwa umekaa nje ya choo changu?"

"Nilijua."

"Na mimba hii uliiona."

Kashindye akainama. "Nilikuwa nawaza almasi."

Mama anasema alimsamehe hapo hapo, kwa sababu hakutafuta sababu ya kujitetea. "Ndaga," akamjibu, ndiyo asante ya kwetu, akaingia ndani akamletea kiti.

Kesho yake Kashindye akamtuma baba ampeleke mama kliniki na Landrova ya kikosi. Akapimwa, damu ilikuwa chini kweli kweli. Akapewa vidonge, akavimeza huku anakunja uso. Nikazaliwa salama, mnene, nalia kwa besi ya baba.

Baba alitaka niitwe Almasi. Mama akakataa, akasema mtoto haitwi jina la kitu ambacho hakikuwepo. Nikaitwa Ezekia, na ndimi ninayekuandikia hapa.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujapekua tumbo la mwenzako, pitisha kwanza ulimi kwenye meno yako.