Mtaa Usioanika Nguo

Kitu cha kwanza Dobi alichotazama katika mtaa wowote kilikuwa kamba za nguo. Mumewe, mlinzi wa ghala, alitazama milango na makufuli. Yeye alitazama kamba. Shuka zilizoanikwa zilimweleza kama maji ya pale yana chumvi, vumbi linapulizwa kutoka upande gani, na kama majirani wanaaminiana. Kwa hiyo siku walipoingia katika mtaa ule, akaona nguzo za kuanikia zimesimama katika kila ua na kamba haipo hata moja, alipunguza mwendo.

Mgongoni alimbeba mwanawe, waliyemwita Kifaranga kwa wembamba wake. Kifua cha mtoto huyo kilikuwa kikilia kama birika tangu azaliwe. Kila alipolala, mama yake alitega sikio. Birika likinyamaza, moyo wake nao ulisimama. Na sasa walikuwa wanahama. Nyumba yao ya zamani ilichorwa alama nyekundu ukutani, barabara mpya ilikuwa inakuja, na walitakiwa wawe wametoka kabla ya mwisho wa mwezi. Barabara haikuuliza nani ana mtoto mgonjwa. Barabara hupangwa na watu wenye bustani.

Walikuwa wamekwisha zunguka. Kule juu kilimani hewa ilikuwa safi, ila kodi ya chumba kimoja ingemeza mshahara wote wa mlinzi wakabaki kutafuna upepo. Kando ya barabara ya udongo, mama mmoja mjane aliwaonyesha chumba cha bei nafuu, lakini shuka zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi.

“Hapa utafua mpaka uzeeke,” mumewe alimtania, wakaondoka.

Huku sasa palikuwa na vyumba viwili, bomba uani, na kodi wanayoiweza. Mwenye nyumba waliambiwa anaitwa Bwana Funguo, na rundo lililoning'inia kiunoni mwake lilieleza kwa nini.

“Samahani, baba,” Dobi akauliza, “mbona watu wa huku hawaaniki?”

Bwana Funguo akacheka mpaka funguo zikalia. “Mama, huku ni kwa wastaarabu. Wanaanika ndani. Unataka majirani wahesabu chupi zako?”

Mumewe akacheka. Yeye hakucheka.

“Na lile jengo lenye bomba la moshi?”

“Karakana tu. Wananunua betri kuukuu za magari. Unasikia kelele? Unaona moshi?”

Kweli, palikuwa kimya, na mbingu ilikuwa bluu tupu.

“Basi turudi katikati ya wiki, tupaangalie tena.”

“Nafasi yangu ni Jumapili tu, mama. Na si ninyi peke yenu mnaoitaka.”

Dobi alikuwa na kawaida yake, aliyoirithi kwa mama yake, dobi mwenzake. Hakukubali ua wowote kabla ya kufua kitambaa cheupe na kukianika pale mpaka kikauke. Siku hiyo alikuja na nepi ya Kifaranga na kipande cha sabuni. Akafunga kamba yake, akaanika, akakaa kwenye kizingiti akingoja huku Bwana Funguo akipiga miayo ya makusudi. Nepi ilikauka ikiwa nyeupe kama ilivyotoka kwenye beseni. Akainusa, akaitazama mbele ya jua. Safi.

“Umeridhika?” mumewe akauliza.

“Nimeridhika,” akasema, akizitazama tena zile nguzo tupu. Wakatoa akiba yao yote ikawa kodi ya miezi ya mbele, na Jumapili iliyofuata wakahamia.

Jumatatu lile bomba likaamka.

Kwanza ulikuja mlio wa nyundo, watu wakipasua maganda ya betri. Kisha moshi wa kijivu ukainama juu ya mabati kana kwamba unatafuta mtu. Dobi, aliyekuwa ameanika nguo za wateja, alihisi mdomoni ladha kama amelamba sarafu. Kifaranga akafikicha macho, akakohoa. Mama yake akamwingiza ndani, akafunga dirisha, akaziba mwanya wa mlango kwa kanga. Birika la kifuani lililia siku nzima kwa sauti mpya, nyembamba, asiyoijua.

Siku zilizofuata alianika ndani kama wale wastaarabu. Lakini alipozifua upya zile nguo za Jumatatu, akakamua shati la mteja, likafunguka mikononi mwake. Mabega yote yalikuwa vitundu kama chekecheke. Alijua kazi hiyo. Aliwahi kufua nguo za fundi magari. Maji ya betri hayali nguo mbele ya macho yako. Yanakaa humo kimya, ukiigusa ndipo inakuachia.

Akakimbilia fulana ya Kifaranga, iliyokuwa kambani siku ileile. Akaivuta kidogo tu. Kifua chote kikapasuka.

Alitoka mbio na fulana mkononi hadi kwa jirani, mwanamke aliyekuwa akimenya viazi mlango umerudishwa nusu. Jirani aliitazama fulana, asishangae.

“Mwenzangu, mlikuja kuangalia nyumba Jumapili, sivyo?”

“Umejuaje?”

“Sote tulikuja Jumapili. Jumapili hawawashi.”

Dobi akakumbuka. Nepi ile nyeupe! Alikuwa ameupima mtaa siku uliposhikilia pumzi. “Na mnakaaje?”

“Tutakwenda wapi? Kodi Bwana Funguo alishaila.” Jirani akarudi kwenye viazi vyake. “Usimwachie mtoto acheze chini, kile kivumbi cha kijivu ni sumu. Mimi wangu nilimwachia.”

Mumewe aliporudi kutoka kazini alipewa fulana. Akapenyeza kidole kwenye mpasuko, kikatokeza upande wa pili. Mtu mzima aliyezoea kukabili wezi akakaa chini pwaa, kama gunia lililokatwa kamba.

“Dada yangu ana chumba chake kimoja,” akasema.

Walikuwa wamekwisha kumuuliza. Wifi alikuwa amecheka: “Njooni wifi yangu, tutalala kama njiti za kiberiti! Ila mimi napikia mkaa mlemle ndani, na huyo kifaranga wenu na kifua chake mnamjua.” Na chumba cha yule mjane bado kilikuwa wazi, lakini kukipata kulihitaji fedha iliyokuwa kwa Bwana Funguo.

Bwana Funguo hakukataa kuwarudishia. Alikuwa mpole kama daktari. “Akipatikana mwingine wa kuingia, chukueni chenu chote. Jumapili naleta watu.”

Jumapili ilipofika mbingu ilikuwa bluu tupu. Bwana Funguo aliingia uani na kijana mmoja na mkewe mjamzito, mkono kiunoni kwa uchovu wa kutembea. Dobi alikuwa kwenye kizingiti, Kifaranga mgongoni, birika likilia sikioni mwake.

“Nyamaza tu, mke wangu,” mumewe akanong'ona bila kumtazama. “Dakika chache tu. Jioni tuko kwa mjane.”

Vumbi jekundu. Alilitamani vumbi lile sasa kama maji ya baridi. Vumbi linatoka kwa sabuni. Wageni walipita chumba cha kwanza, wakapita cha pili. Mjamzito akatoka uani, akatazama huku na huku, akauliza, “Mbona watu wa huku hawaaniki?”

Bwana Funguo akaanza kucheka.

Dobi aliinuka. Akabeba beseni, akafunga kamba nguzo hadi nguzo. Akaanika shati la mteja. Akaanika fulana. Jua likapita katikati ya vile vitundu likadondoka ardhini madoa madoa.

Mjamzito alisogea, akaweka kidole kwenye mpasuko wa kifua cha fulana. Akamtazama mtoto mgongoni. Akasikiliza.

“Tuondoke,” akamwambia mumewe.

“Mmejichinja wenyewe!” Bwana Funguo akafoka walipokwisha kutoka, upole wote umemwisha. “Senti moja hamtaiona!”

Mlinzi alimgeukia mkewe, na Dobi akangoja apigiwe kelele. Badala yake aliingia ndani, akatoka na godoro kichwani.

“Kwa dada,” alisema. “Jiko nitalitoa nje mwenyewe, akipiga kelele apige.”

Walipita mbele ya mlango wa jirani, uliorudishwa nusu. Dobi alikuwa akiogopa njia nzima: mkaa, chumba kile kidogo, kile ambacho huenda kilikwisha kuingia kifuani mwa mwanawe kisifulike tena. Alitembea akitega sikio kwa birika. Fulana aliiacha kambani kwa wageni wa Jumapili ijayo, na fundo alikuwa amelikaza sana.