Macho Yana Pazia

Nakumbuka siku moja ya soko pale Kabambare, mwanangu, nilipovuka barabara na mwiko mkononi kwenda kumpasua kichwa mwanamke mwenzangu. Usicheke. Nilikuwa mke mpya, nauza sombe, majani ya muhogo, na wivu ulikuwa umenifika kooni.

Bwana yangu Ramazani alikuwa fundi cherehani. Sindano aliitunga bila kubahatisha. Lakini mimi nikimpungia mkono toka mbali, hunitazama kisha akageuza kichwa kama hanijui. Siku hiyo akasimama mlangoni kwake, akamkazia macho Zaina, muuza mawese wa ng'ambo, akakunja jicho moja. Akarudia. Mbele yangu! Kumbe kukonyeza anajua, nikasema, ila mimi ndiye nisiyekonyezwa.

"Unataka nini kwa bwana yangu?" nikamfokea Zaina.

"Dada, weka mwiko chini. Kila siku bwana yako ananiita Salima, Salima, jina lako. Na leo tumevaa kikwembe cha namna moja. Ule mutu haoni mbali! Iko anakutafuta wewe."

Nilishusha mwiko. Wiki ile ile tukapanda pikipiki hadi Kasongo kwa muganga wa macho.

Watu husema macho hayana pazia. Muganga akasema yanalo, nyuma kabisa. Mwanga huingia kwa mbele, hupindwa na kioo cha jicho, na sharti ukutane juu ya pazia hilo ndipo mtu aone sawasawa. Jicho la Ramazani lilikuwa refu kidogo, mwanga ukakutana kabla ya kufika. Cha karibu alikiona, cha mbali kilikuwa moshi, ndiyo maana alikunja jicho. Jicho fupi ni kinyume chake, cha karibu ndicho kinachosumbua. Na uzeeni kioo chenyewe hukakamaa, ndiyo sababu siku hizi nakuomba wewe unitungie sindano.

Ramazani akapewa lineti, miwani ya kuusogeza mwanga hadi paziani. Akazivaa, akatoka nje, akaniona niko ng'ambo ya barabara, akanipungia mkono yeye kwanza. Nililia, mwanangu. Halafu akageuka akawatazama wanawake wote wa Kasongo, mmoja mmoja, vizuri kabisa. Ee Mungu wangu! Wivu ukarudi ule ule, na hadi leo haujaniacha.

Sasa wewe unataka kumwacha mchumba wako kwa kuwa alikupita njiani bila salamu. Usilolijua ni usiku wa giza. Mpeleke kwanza akapimwe macho. Akionekana mzima na bado anakupita, mwiko wangu upo jikoni, njoo uuchukue.

Mungu akupe mume wa kukutambua toka mbali, na kijicho changu mimi akuepushe nacho.