Herufi za Harusi kwenye Msalaba wa Mama

Nikipokea kadi ya harusi, kabla sijajua nani anaoa, macho hukimbilia herufi. Watu wa hapa Lubumbashi wanazipenda zile zilizoinama upande, mguu mmoja mnene, mwingine mwembamba kama uzi. Nyinyi mnaona urembo. Mimi kadi naiweka kando.

Mama alipofariki nilikuwa darasa la kwanza, nikabaki kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, kule mtaa wa Bel-Air. Alikuwa mtu wa tai hata Jumamosi. Herufi za kawaida kwenye msalaba wa mama alizikataa katakata. Alimpa mchoraji wa vibao kadi ya harusi ya jirani na kumwambia, "Andika sawa hivi. Siye hatuko bantu ba ovyo."

Mchoraji alitumia brashi ya nywele chache, rangi nyeupe juu ya mbao nyeusi, akaandika jina la mama: Monique. Ile M ilipanda kwa uzi, ikashuka kwa unene, na mkia wake ukajikunja kwa madaha. Nilinusa rangi mbichi, nikaona fahari hadi nikasahau kulia. Waombolezaji walisifu sana, na waliozika baada yetu wakaiga.

Mvua haikujali madaha. Baada ya misimu miwili nyuzi zote zilikuwa zimebanduka. Vilibaki vijiti vinene vilivyoinama, msalaba baada ya msalaba, na hakuna jina lililosomeka.

Ndipo Kambo, bibi yangu mzaa mama, alipofika kutoka Kasenga. Ugonjwa ulimzuia kuja kuzika. Alitua fungu la samaki wakavu mlangoni, hata maji hakutaka.

"Munionyeshe mutoto yangu," alisema.

Tulizunguka makaburini juani, baba mkubwa akiinama hapa, akifuta vumbi pale kwa leso. Mwishowe akasimama, akaonyesha msalaba mmoja. "Mama, njo hapa eko."

Kambo akapiga magoti. Akamwita mama kwa jina la utotoni, akampa habari zote za nyumbani, nani amezaa, nani amehama. Mimi nilitazama vijiti vya herufi kwenye msalaba ule. Vilikuwa vichache mno kwa jina la mama.

"Baba mukubwa, hii haiko ya mama."

Akanifinya bega. "Nyamaza! Weye unajua nini?"

Kambo alirudi Kasenga ametulia, akafia huko.

Nilimchukia baba mkubwa, lakini nilisubiri. Niliamini kaburi lenyewe analijua, ananificha tu kama watu wazima wanavyoficha mambo, na kwamba nikikua atanipeleka. Nilipopata mtoto wa kwanza nikamwendea. Nikamwomba anipeleke, nimwonyeshe mama mjukuu wake.

"Mutoto yangu," akasema, "hata siku ile ya Kambo sikujuaka."

Miaka yote nilikuwa namkasirikia mtu kwa kunificha kitu ambacho hakuwa nacho. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikarudi nyumbani.