Wino Uliosagwa Nusu Siku

Juzi alasiri alifariki hapa Bagamoyo bibi mmoja ambaye wengi wenu mmesoma kazi ya mikono yake bila kumjua. Ndiye aliyetutengenezea wino sisi waandishi wa barua na hati. Tulimzika watu wachache. Siku hizi wino unakuja umetiwa chupani kutoka ng'ambo, na waliokuwa wakipiga hodi kwake kila wiki walikwisha kumsahau.

Kazi yake ilitaka subira. Masizi ya taa hayapendi maji; ukiyatia tu, yanashikana madonge. Yeye aliyachanganya na maji ya gundi ya mgunga, akayasaga juu ya jiwe siku tatu, mpaka madonge yavunjike na gundi iishike kila chembe, isirudi kugandamana na nyingine. Kisha alidondosha tone katika bilauri ya maji. Likitawanyika kama moshi, wino uko tayari. Likizama punjepunje, wino hurudi jiweni.

Mwaka mmoja, masika yakikaribia, tajiri mmoja wa mjini alikubali kumwacha huru mjakazi wake, mwanamke wa Miono. Mimi niliitwa kuandika hati, na kidau changu kilikuwa kikavu. Nikakimbilia kwa bibi.

"Shikamoo, Bibi. Nipe wino."

"Marahaba. Nimeanza kuusaga leo asubuhi. Bado una madonge."

"Bwana yule leo amekubali. Kesho huenda akageuka."

Alidondosha tone, akalitazama likizama. "Hautashika karatasini, mwanangu," akasema. Nikamsihi. Akanipa.

Niliandika mbele ya mashahidi wawili. Herufi zilikuwa nyeusi, nzuri. Mwanamke yule aliikunja hati ndani ya kanga yake, akaja kumbusu bibi mikono, akashika njia ya kwao peke yake, na mvua ikaanza.

Habari alituletea mkulima wa Fukayosi, aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake. Watu wa msafara walimsimamisha yule mwanamke njiani, wakamwambia atoe hati. Akaifunua. Masizi yalikuwa yamebanduka kwa mvua, yamebaki madoa. "Nimeachwa huru!" alilia. "Someni!" Hapakuwa na cha kusoma. Walimfunga, wakaenda naye, na hatukupata kujua wapi.

Bibi hakunilaumu. Ila tangu siku ile hakumpa mtu wino kabla ya siku ya saba, na waliochoka kungoja wakamkimbia. Nilipokwenda kumwona mgonjwa, aliniuliza swali moja tu: "Tungengoja, yule bwana angegeuka?"

Nimeandika hati nyingi baada ya ile, na kila moja naiona ni kitu dhaifu mno kubebeshwa maisha ya mtu, katika nchi ambayo mwenye nguvu ndiye anayeamua kama imesomeka. Miono ni mwendo wa siku chache. Mimi nilikuwa na miguu, na mashahidi wawili walikuwa na miguu. Tulimkabidhi karatasi tukarudi majumbani kwetu tumeridhika, ilhali tulipaswa kumsindikiza.