Kuonja Si Kula

Mama Keki hakula kazini. Huo ulikuwa mwiko wake tangu alipofungua jiko lake la kuokea, na kila mteja aliusikia: mwokaji anayekula bidhaa yake hana adabu. Lakini kuonja, alionja. Rojo la unga alionja, krimu alionja, na kidole kilichopangusa bakuli hakikwenda kwenye kitambaa, kilikwenda mdomoni.

Alipogundulika kuwa na kisukari aliacha chai ya sukari, akaacha hata kifungua kinywa. Sukari haikushuka. Mdogo wake, muuguzi, akampeleka zahanati apimwe kabla hajala.

"Umekula chochote, mama?" daktari akauliza.

"Sijala tangu jana jioni."

Mdogo wake akamkazia macho. "Dada, hiyo krimu shavuni umejipaka kama poda?"

"Nimeonja. Kwani kuonja ni kula?"

"Kongosho lako halijui Kiswahili, dada! Kuonja na kula kwake ni yale yale!"

Daktari hakucheka. Akaeleza kwamba ndani ya kongosho kuna seli zinazotengeneza insulini, ambayo huusaidia mwili kutumia sukari iliyo kwenye damu. Kila sukari ikipanda, seli hizo huitwa kazini.

"Wewe huzipi hata nafasi ya kupumua. Sukari na mafuta vikizidi mfululizo zinachoka, nyingine zinakufa. Tunapigania zilizobaki. Na macho yako pia, maana sukari inaharibu mishipa midogo ya macho."

Mama Keki aliitikia kila neno kwa heshima. Kesho yake mdogo wake akamkuta na kijiko mdomoni.

"Dada, keki ni ile ile miaka yote. Vipimo unavyo kichwani, mizani iko mezani. Unaonja nini?"

"Naonja mkono wangu."

Afadhali angekuwa mwongo, angeumbuliwa yakaisha. Huyu aliliamini neno lake. Vidonge alimeza, sindano za insulini zikafuata, na kijiko hakikumtoka mkononi. Hatimaye bibi harusi mmoja alirudisha keki: jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya jina la bwana harusi, hakuna lililosomeka.

"Taa ya humu ndani ni mbovu," Mama Keki alimwambia. Taa ilikuwa nzima.

Mwiko wake hakuwahi kuuvunja. Jicho la kushoto halioni tena, la kulia linaona mwanga wa mlangoni tu, na jiko limefungwa.