Mwalimu Aliniita, Nikanyamaza

Nimekosa. Ninaliandika hilo kwanza, kabla sijaanza kujitafutia sababu, maana nikiachwa na mawazo yangu nitapata sababu chungu nzima na kila moja itaonekana nzuri.

Msinitafute jina. Mimi ni kijana wa Goma, tunakaa Mabanga, nimemaliza chuo kikuu na diploma yangu iko ndani ya begi. Mwanamke aliyenifundisha kusoma aliniita akiomba msaada, nami nikanyamaza.

Nitamwita Mwalimu Kahindo. Alinifundisha darasa la kwanza, na baada ya mama yangu kufariki akawa ndiye anayeuliza kama nimekula. Nyumba zetu ni za mbao, zimeegemeana juu ya mawe meusi ya volkano, na kati ya chumba changu na chake kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Ukikohoa huku, kule unaambiwa pole. Kila asubuhi alikuwa akigonga kwa kidole.

"Mwanangu, umeamuka?"

"Nimeamuka, Mama Mwalimu."

"Wamekuita kazi?"

"Bado."

"Wataita. Mungu halali."

Hiyo "bado" ilinichosha! Nilianza kuisikia hata kabla hajagonga.

Siku moja nilitoka kwenye mtihani wa kazi katika shirika moja la misaada, ONG kama tunavyoyaita hapa, nimevaa shati jeupe na kravati ya kuazima. Nilikuwa nimeshindwa, nilijua kabla hata sijafika mlangoni. Mwalimu Kahindo alikuwa uani akianika nguo. Aliona kravati, akaona meno yangu, maana nikiwa na aibu huwa natabasamu, akatupa nguo zote kwenye beseni.

"Amepata! Mutoto wangu amepata kazi!"

Akapiga vigelegele. Majirani wakatoka. Mama Asha, wa nyumba ya mbele, akanizunguka akinikagua kama ng'ombe wa sokoni. "Bwana ONG! Soda yetu lini? Ama umeshaanza kutusahau?"

 Niliwaza: nikimwambia sasa, mbele ya watu, nitamwaibisha yeye. Nitamwambia kesho. Jioni ile alinipikia sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa ugali wa fufu, akakaa akinitazama nikila. Ningemwambiaje?

Kesho yake nikavaa shati lile lile, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda "kazini".

Ndiyo, nilifanya hivyo! Kila siku ya kazi! Asubuhi nilitembea mjini bila pa kwenda. Mwalimu alifundisha zamu ya mchana, kwa hiyo nilisubiri saa ya yeye kwenda shule, kisha nikapita nyuma, nikasogeza ubao uliolegea, nikaingia chumbani na kulala. Mbele kulining'inia kufuli. Jioni nilitoka tena kwa nyuma, nikazunguka mtaa na kurudi kwa njia ya mbele nikijifanya nimechoka. Mama Asha alikuwa akinipokea: "Kazi inakukondesha, Bwana ONG. Wakulipe na nyama!"

Siku ile niliingia kama kawaida. Nilikuwa na hakika Mwalimu yuko shuleni, kwa sababu hakuwahi kukosa shule. Nilivua viatu, nikalala chali, kitanda kikalia.

Ndipo niliposikia kidole kwenye ubao.

"Mwanangu?"

Nikabana pumzi.

"Mwanangu, nakusikia. Uko hapo? Njoo kidogo. Mukono unakataa."

Ningejibu neno moja tu! Lakini mimi siyo mtu wa kujibu kwanza. Kichwa changu kilianza kupanga: nikijibu, ataniuliza kwa nini siko kazini. Nitasema nina ruhusa. Atasema, mbona kufuli liko nje? Nitasema naumwa. Atauliza, umeingilia wapi? Na Mama Asha akisikia? Na vigelegele vile? Mukono unakataa maana yake nini? Labda ameulalia. Labda anataka nimtolee maji. Akiona kimya, ataita mwingine.

Lakini mwingine nani? Uani hakukuwa na mtu.

Aliita tena. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye fufu mdomoni. Alisema, "Kama unalala, basi... lala."

Kisha sufuria ikaanguka.

Nilijiambia anapika. Wallahi nilijiambia anapika! Nikachukua viatu na begi mkononi, nikapita kwenye ubao, nikavivaa kwenye njia ya nyuma na kuondoka haraka. Nilitembea hadi ilipo njia ya Rutshuru, kati ya pikipiki na mabasi yanayopakia, nikasimama hapo nikitazama watu wanaojua wanakokwenda. Mara mbili niligeuka nirudi. Mara mbili nikawaza nitasema nini nikifika, nikasimama tena.

Nilirudi saa ya watu kutoka kazini. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi. Papa Musa, dereva anayekaa upande wa choo, alikuwa ametoka safari na kumkuta sakafuni. Alimbeba mabegani, ndevu zake zimelowa jasho.

"Kijana! Acha hiyo begi, shika miguu! Gari iko pale!"

Nilishika miguu. Ilikuwa baridi. Macho yake yalikuwa wazi, jicho moja likanigeukia, na mpaka leo sijui kama liliniona.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote.

"Ilianza saa ngapi? Ni muhimu. Nani alikuwa naye?"

Papa Musa akajibu kwa niaba yetu wote. "Daktari, ua wetu mchana iko mutupu. Kila mutu anaendaka kazini. Hata huyu, mutoto wake wa kumulea, ndiyo kwanza anatoka bureau."

Daktari akanitazama. Nilijua saa! Ni mimi peke yangu duniani niliyeijua!

Nikaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, nimetoka kazini.

"Basi hatujui," daktari akasema, akaingia ndani.

Mwalimu hakuongea tena. Furaha, binti yake aliyeolewa mtaa wa Mapendo, alikaa pembeni ya kitanda akimwomba aseme hata neno moja. Siku chache baadaye Mwalimu akafariki. Sijui kama angepona laiti ningefika mapema. Nimewauliza wauguzi wawili kana kwamba naulizia mtu mwingine. Mmoja alisema labda, mwingine alisema inategemea. Nimebaki na hiyo labda.

Kwenye kilio walimu wenzake waliimba, wanafunzi wakaja na sare zao, wadogo wakilia kwa sauti. Mjomba wa familia, aliyetoka Butembo, alinishika mkono akanisimamisha chini ya turubai.

"Huyu ndiye ambaye dada yangu alikuwa anajivunia kila akinipigia simu. Sema kidogo, mwanangu."

Nilisema. Nilisema alivyotufundisha herufi kwa kuziandika na vidole hewani chaki ilipoisha. Watu wakacheka huku wakilia. Kisha nikasema, "Naumia kwamba siku ile nilikuwa kazini." Kinywa changu kilitamka hivyo, na hakuna aliyenilazimisha! Wanawake wakasema, "Pole, pole." Nikakaa chini nikiwa nimefarijiwa na uongo wangu mwenyewe.

Wiki chache baadaye Furaha alikuja kutoa vitu vya mama yake. Aliniita nimsaidie kufungua kitanda. Tulipokisogeza, akakaa chini ya ukuta ule, mgongo kwenye mbao.

"Nawaza kitu kimoja," akasema. "Mama hakuwa mutu wa kunyamaza. Lazima aliita. Nawaza aliita mimi, na mimi nilikuwa sokoni nachagua nyanya."

Alikuwa akijilaumu. Yeye! Hapo ndipo nilipovunjika.

"Aliita mimi," nikasema.

Akageuka polepole. "Ulikuwa wapi?"

Nikaonyesha ukuta.

Nilidhani atanipiga. Badala yake aliuliza, "Alisema nini?" Nikamwambia yote, la mukono na la kulala. Akaniambia niseme tena, vile vile alivyosema. Nikasema tena. Alifumba macho akisikiliza, kana kwamba sauti ya mama yake ilikuwa imefichwa ndani ya yangu.

"Alilia?"

"Hapana."

"Usinidanganye."

"Hakulia, Furaha."

"Na wewe? Mama anakuita, sufuria inaanguka. Ulikuwa unafanya nini?"

Niliutazama ule ukuta.

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unafikiri," akarudia. Akasimama, akafungua mlango. "Toka. Kitanda nitamaliza peke yangu."

Sasa ua wote unajua. Papa Musa hunisalimia bila kusimama. Mama Asha haniiti tena Bwana ONG, haniiti kabisa. Siku ya kusimika msalaba kaburini Furaha alituma ujumbe kwamba nisiende. Sikwenda. Kazi sijapata hadi leo, na nikiulizwa nasema bado, na neno hilo haliumi hata kidogo. Ningemwambia Mwalimu "bado" kila asubuhi hadi nizeeke, kama ningepewa nafasi hiyo!

Ndugu yangu unayesoma, labda na wewe unatoka asubuhi na shati lililopigwa pasi kwenda mahali ambapo hapapo. Rudi leo ukamwambie aliyekupigia vigelegele. Atakasirika, kisha atakupa chakula. Na mtu akikuita, itika kwanza. Utakachosema utakifikiria ukiwa umeshafika alipo.