Kiti cha Mbele cha Basi la Kamenge

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu, nami naikumbuka zaidi sasa ninapowaona vijana wa rika lako mkichora njia za mabasi na kutia saini mikataba. Ilikuwa miaka ya vita hapa Bujumbura. Mtaa wa Kamenge ulikuwa umehamwa, kisha wenyewe wakaanza kurudi, nyumba moja moja, wengine wakilala chini ya turubai kwa sababu mabati yalikwisha kuibwa. Watu walirudi, lakini mabasi hayakurudi. Yaliishia karibu na hospitali, na aliyetaka kufika sokoni alitembea kwa miguu mpaka pale, mzigo kichwani. Baadhi walikwisha kusema kwamba mambo yakiendelea hivyo, heri kurudi kambini walikokimbilia vita.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kijana wa kuamini kila kilichoandikwa vizuri. Manispaa ilinipa kazi katika mpango wa ubia: yenyewe ingefukia mashimo ya barabara na kujenga kituo mpakani mwa mtaa, na Mzee Nasoro, mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique ambaye babu zake walitoka Omani, angeleta mabasi yake yaingie mpaka ndani. Niliona hakuna kilichosahauliwa.

Siku ya kuanza, wakazi walikusanyika kituoni. Mkuu wangu alihutubia kwa Kifaransa, nami nikatafsiri. Alipofika kwenye neno "partenariat", nilitafuta neno ambalo kila mtu angelielewa mara moja, nikasema: "Leo tunawaletea imfashanyo." Heri kujikwaa kidole, mwanangu, kuliko kujikwaa ulimi. Katika miaka ile imfashanyo, yaani msaada kwa Kirundi, ilikuwa na maana moja tu: maharagwe, unga na mafuta yanayoshushwa kutoka kwenye lori. Kabla hotuba haijaisha, nusu ya mkutano ilikuwa imekimbilia nyumbani. Walirudi na ndoo na mabeseni, wakapanga mstari nyuma ya basi.

Mama Daforoza, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa wa kwanza. Alichungulia ndani ya basi, akaona viti vitupu.

"We mutoto wa masomo," akaniita, "imfashanyo ndo hii? Sasa hii basi itaingia mu ndoo yangu namna gani?"

Watu wakacheka. Dereva hakucheka. Alikuwa amezima injini na kushuka, funguo mkononi.

"Mi siingii mule, patroni," alimwambia Mzee Nasoro. "Barabara ni muzuri, lakini barabara muzuri haizuie jiwe. Vijana ba huku habanijue."

Mkuu alinitazama, nami nikafungua mkataba. Hapakuwa na kifungu kuhusu dereva anayeogopa. Mzee Nasoro aliniwekea mkono begani, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kijana, hilo neno la Kifaransa maana yake nini hasa?"

"Ni ubia, mzee."

"Na katika ubia kila mmoja huweka kitu. Manispaa imeweka barabara. Mimi nimeweka gari. Hawa wenye mtaa, uliwauliza wataweka nini? Mafiga mawili hayainjiki chungu. Ukimwita mbia wako ombaomba, atakuletea ndoo."

Niliwageukia wakazi, nikawaambia ukweli: kwamba hakuna chakula, kwamba basi lipo, kwamba dereva anaogopa, na kwamba sisi hatujui la kufanya.

"Anaogopa nani? Batoto betu?" Mama Daforoza alimkabidhi jirani ndoo yake, akapanda, akakaa kiti cha mbele, ubavuni mwa kile cha dereva. "Washa moto, twende. Mwenye kutupa jiwe anione mimi kwanza. Mama yake namujua."

Dereva akapanda, akawasha injini, na basi likaingia Kamenge polepole. Vijana waliokuwa wamesimama kwenye njia panda walimwona aliyekaa mbele, wakasogea kando, na mmoja wao akamwamkia.

Tangu siku hiyo akina mama walipeana zamu, na kiti kile hakikutozwa nauli. Baadaye akina mama wa mtaa jirani, ambao vijana wao walikuwa wakiviziana na wa Kamenge, nao waliomba zamu. Sitakudanganya kwamba basi lilimaliza vita. Siku za milio ya risasi magari hayakutoka. Lakini kinyozi alifungua kibanda kando ya njia, kisha fundi cherehani, na turubai zikaanza kupisha mabati. Wale waliokuwa wakitaja kambi wakaacha kuitaja.

Basi, mwanangu, unapokutana na serikali na mwenye mtaji, muulizie yule ambaye hakualikwa. Usimwite mhitaji mtu ambaye bila yeye mradi wako hausogei hatua. Muulize kabla ya kuchora, wala usione haya kumwambia kwamba hujui, maana elimu haipungui kwa kuuliza. Na maneno utakayowafikishia watu, yapime kwanza kwa masikio yao, si kwa yako.

Mungu akujalie kazi ambayo wenye mtaa wataiita yao hata watakapokuwa wamelisahau jina lako. Akulinde uendako, na kila mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu mwenye amani.